Kopo la Methi Lililofika Ndabibi

Wangechi alikuwa na kibanda cha chai Karagita, kando ya njia ambayo wafanyakazi wa mashamba ya maua hupita asubuhi wakienda kazini. Kabla ya kibanda, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maua. Alitoka kwao Kinangop akiwa msichana, akaanza kwa kuchuma, kisha akapelekwa kwenye chumba baridi cha kufungashia waridi, ambako alisimama siku nzima mezani akipanga mashina kwa urefu. Ile baridi ilimwachia magoti mabovu. Alipoacha kazi alinunua sufuria kubwa, akapata nafasi mbele ya nyumba alimopanga, akaanza kupika chai.

Chai yake ilijulikana. Viungo alisaga mwenyewe: iliki, tangawizi kavu, karafuu kidogo, pilipili manga na mdalasini. Watu waliokuwa na haraka ya kuwahi zamu walisimama kwa sababu ya harufu tu.

Kliniki walipomwambia kwamba ana sukari, hakushtuka sana. Mama yake alikuwa nayo, na shangazi yake pia. Alipewa dawa za aina mbili, tembe kubwa ya kumeza baada ya chakula, na nyingine ndogo ambayo mhudumu alimwonya kuihusu: ukimeza hii, lazima ule. Wangechi alimeza. Akapunguza chapati, akaacha sukari kwenye chai yake, na bado asubuhi mashine ya kupimia ilionyesha kumi, kumi na moja, wakati mwingine kumi na tatu. Jambo hilo lilimuudhi. Alikuwa mtu wa kazi, na alizoea kwamba ukijitahidi unaona matokeo.

Ndipo siku moja mtu akatuma video kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Mwanamke mmoja aliyesimama kwenye jiko safi alikuwa akieleza jinsi alivyoishinda sukari kwa mdalasini na methi, zile mbegu ndogo za manjano zenye uchungu ambazo wengine huziita uwatu. Saga, alisema, kijiko kimoja kwenye maji moto kabla hujala chochote. Wangechi aliitazama mara kadhaa. Habari za tembe alizisikia kwa watu tu, lakini mdalasini aliujua kwa mkono wake. Aliweza kufumba macho na kukuambia kama ni wa mwaka huu au umelala dukani.

Alinunua methi Naivasha, akasaga, akaanza. Baada ya muda mashine ilionyesha tisa. Kisha nane. Asubuhi moja ikaonyesha sita na kidogo, na Wangechi akamwita binti yake Becky aje aone. Kijiko kimoja kikawa viwili, na baadaye akaongeza kingine cha jioni. Tembe hakuziacha, maana hakuwa mjinga. Ila kule kliniki hakusema chochote kuhusu ule unga.

"Niseme nini?" alimuuliza Becky. "Niwaambie naweka viungo kwa maji? Watanicheka."

Becky alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa akisomea ushonaji mchana na kumsaidia mama yake asubuhi. Aliona uso wa mama yake umechangamka, akaacha mambo yalivyo.

Furaha ya namna hiyo ni vigumu kukaa nayo peke yako. Wangechi aliwagawia akina mama wawili watatu wa kanisani, kila mmoja na kikopo chake. Lakini mtu aliyemfikiria kwanza kabisa alikuwa Cherono.

Cherono na Wangechi walikuwa wamesimama kwenye meza moja katika kile chumba baridi kwa miaka mingi, bega kwa bega. Chai haikuruhusiwa mle ndani. Cherono alikuwa akiingiza chupa ndogo chini ya aproni yake, na msimamizi akigeuka, mmoja huinama chini ya meza kama anayeokota jani, akapiga funda moja la haraka, kisha mwenzake. Hawakukamatwa hata siku moja. Mume wa Cherono alipofariki, Cherono alirudi kwenye shamba lao Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, akawa anafuga kondoo na kulima mahindi. Mwanawe, Kiptum, alikuwa akifanya kazi Eldoret. Cherono naye sukari ilikuwa imemkamata, tena vibaya kuliko Wangechi, hadi akaanzishiwa sindano za insulini.

Wangechi alimpelekea kopo zima, lililojaa hadi mdomoni. Cherono alilifungua, akanusa, akakunja uso.

"Chungu hii!"

"Utazoea. Vijiko viwili asubuhi, kabla ya kula."

"Na sindano?"

"Sindano endelea nayo. Hii si dawa, Cherono. Ni viungo vya jikoni tu."

Cherono alicheka, akaliweka kopo juu ya kabati karibu na Biblia yake.

*

Asubuhi ambayo mambo yaliharibika, maji yalichelewa. Mwenye punda aliyekuwa akileta mitungi alikuja watu wameshapanga foleni, na Wangechi akawa anakimbizana na sufuria. Alikuwa amekunywa ule unga wake alipoamka. Tembe alimeza katikati ya shughuli, akijiambia kwamba kiazi chake na yai viko pale kwenye sahani, atakula watu wakipungua. Watu hawakupungua.

Kitu cha kwanza alichohisi ni hasira. Kijana mmoja aliomba aongezewe maziwa, na Wangechi akamkemea hadi wote wakageuka kutazama. Haikuwa kawaida yake. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho likamtoka kwenye paji la uso na chini ya kitambaa cha kichwani, baridi, na hali jua lilikuwa bado halijapanda. Alichota chai kwa kikombe cha chuma, akainua, na badala ya kuimimina kwenye gilasi ya mteja akaanza kuimimina mezani, taratibu, huku akiangalia.

"Mathe, utanichoma!" Mteja aliruka nyuma.

"Mum?" Becky aliacha mandazi kwenye mafuta. "Mum, niangalie."

Wangechi alimwangalia lakini hakuonekana kumfahamu. Alisema kitu, na maneno yakatoka mazito, yamelegea, kama ya mtu aliyelewa. Mtu mmoja nyuma kwenye foleni akacheka. Kisha magoti yakakunjika, na Becky akamdaka kwapani kabla hajaangukia jiko.

Walimkalisha chini, mgongo ukiegemea gunia la makaa. Watu walikuwa wamewazunguka. Mmoja alisema ni kiharusi. Mwingine akasema apepewe. Becky alichota sukari kwenye bakuli la wateja akaanza kuikoroga ndani ya maji.

"We msichana, unafanya nini?" Mama mmoja mwenye sare ya kijani ya shambani alimshika mkono. "Si huyu ndiye ana ugonjwa wa sukari? Unampa sukari? Unataka kumuua?"

"Niache."

"Aki utamuua mamako ukiona! Shemeji yangu alikufa hivyo hivyo."

Wengine wakaunga mkono. Apelekwe hospitali kwanza, walisema, asipewe kitu. Becky alisimama na gilasi mkononi, na kwa kitambo hakujua afanye nini, maana yule mama alikuwa akisema kwa uhakika, na yeye hakuwa na uhakika wowote. Mama yake alikuwa ameanza kufumba macho.

Akakumbuka mashine. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya mama yake. Alichoma kidole, akakamua damu kwenye kile kikaratasi, wote wakainama kutazama kioo kidogo. Mbili nukta tatu.

"Imeisha," Becky alisema. "Sukari imemwisha mwilini. Mumwone!"

Alimshika mama yake kidevu. "Mum, unaweza kumeza? Meza. Meza hii." Wangechi alimeza, akakohoa, akameza tena. Nusu ya maji ilimmwagikia kifuani. Becky aliendelea, kidogo kidogo, huku mandazi yakiungua nyuma yake na mtu akihangaika kuyatoa. Yule mama wa sare ya kijani alikuwa amejishika mdomo.

Ilichukua muda. Kwanza macho yalifunguka, kisha yakatulia mahali pamoja. Kisha Wangechi akajitazama nguo zilizolowa, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Ni nani ameniunguzia mandazi?"

*

Gachanja, jirani aliyekuwa na pikapu ya kubebea kabichi, ndiye aliyewapeleka kliniki. Afisa wa zamu aliitwa Sitati, mwanamume mnene, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza hadi ujibu. Alimpima Wangechi tena, akaagiza apewe chai yenye sukari na mkate, akavuta kiti.

"Leo asubuhi umekula nini?"

"Sijakula. Nilikuwa na wateja."

"Tembe umemeza?"

"Zote mbili."

"Na kingine?"

Wangechi alitazama ukuta. Becky akamtazama mama yake. Sitati akangoja.

"Kuna unga fulani," Wangechi alisema mwishowe. "Methi na mdalasini. Lakini ni viungo tu, daktari."

"Kiasi gani?"

Alimwambia. Sitati hakucheka, wala hakugomba. Aliuliza ameanza lini, anakunywa kabla ya chakula au baada, na kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia. Kisha akaeleza polepole.

"Ukitia mdalasini kwenye chai, au methi kwenye mchuzi, hakuna shida. Kula. Hicho ni chakula. Lakini vijiko vizima kila siku, tumbo likiwa tupu, hapo umeanza kutumia kama dawa. Vinaweza kushusha sukari, na mimi siwezi kukuambia kwa kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyepima kijiko chako. Ile tembe ndogo nayo inashusha. Inaendelea kushusha hata kama hujala. Leo umeweka tembe, umeweka unga, na chakula hukuweka. Hata bila unga pengine ungetetemeka. Pamoja na unga ndiyo ukaanguka. Na mdalasini mwingi hivyo, kwa muda mrefu, unaweza kuumiza ini. Ungeniambia, tungepanga pamoja. Huenda hata tungepunguza tembe."

"Nilidhani mtanicheka."

"Sisi tunaogopa kile hatuambiwi, mama. Hicho ndicho kinatuharibia kazi." Akageukia karatasi zake. "Una bahati hukuwa peke yako. Mtu mwenye hali kama yako akiwa peke yake nyumbani, tena kama anadunga insulini, halafu siku hiyo hajala..."

Hakumaliza, kwa sababu Wangechi alikuwa amesimama. Mkate ulimwanguka.

"Cherono," alisema.

"Nani?" Sitati aliuliza.

"Rafiki yangu. Nilimpa kopo. Anadunga sindano." Alikuwa tayari akipapasa simu yake. "Na amefunga. Jana aliniambia, kanisa lao limefunga wiki nzima, hawali mpaka jioni, ila maji na dawa tu."

Simu haikuita. Ile sauti ya mwanamke ilisema tu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Alipiga tena, ikasema hivyo hivyo. Becky alijaribu kwa simu yake. Sitati akauliza ni wapi, na aliposikia Ndabibi, akampigia muuguzi wa zahanati ya huko aliyekuwa akimjua. Walimsikia muuguzi akizungumza kwa haraka, na nyuma yake mwanamke akilia kwa uchungu. Muuguzi alikuwa akimzalisha mtu, yuko peke yake, angemtuma mtu mara tu atakapoweza.

"Mimi naenda," Wangechi alisema.

"Wewe huendi popote. Hiyo tembe bado iko mwilini, sukari inaweza kushuka tena."

"Nyumba yake haionekani kutoka barabarani. Becky hajawahi kufika. Ni nani mwingine ataenda?"

Sitati alimpima tena. Saba na kidogo. Alishusha pumzi, kisha akaanza kutoa maagizo haraka, akimtazama Becky zaidi kuliko mama yake. Wampime Wangechi njiani. Ale kitu, hata kama hataki. Waende na pakiti za glukosi. Wakimkuta Cherono anaweza kumeza, anywe. Wakimkuta hawezi, wasimmiminie chochote mdomoni. Wamlaze ubavu, wamkimbize zahanati.

Gachanja alikuwa bado nje, akingoja kuwarudisha nyumbani. Alisikia habari, akawasha gari.

*

Barabara ya kuzunguka ziwa ina lami hadi mahali fulani, kisha inakuwa vumbi na mawe. Gachanja aliendesha pikapu tupu kwa kasi ambayo hangethubutu akiwa na mzigo, na kila shimo liliwarusha hadi wakashikilia dari. Wangechi alikaa dirishani akipiga simu. Haipatikani. Mabanda ya maua yalipita, mapaa ya plastiki yaking'aa, kisha ua wa miiba na pundamilia waliosimama mbali wakiwatazama. Haipatikani. Lori la maziwa liliziba njia mbele yao kwenye daraja jembamba, na Gachanja akapiga honi, akapiga tena, dereva wa lori akatoa mkono nje kuwaashiria watulie.

"Labda betri imeisha tu," Becky alisema.

"Nilimwambia vijiko viwili," Wangechi alisema. "Nilimwambia kabla ya kula. Nilimwambia maneno hayo kwa mdomo wangu."

"Mum, kula mkate."

"Sitaki."

"Sijakuuliza kama unataka." Becky aliukata, akamwekea mkononi. Hakuwa amewahi kumjibu mama yake hivyo. Wangechi akatafuna, machozi yakichuruzika na vumbi la njia, bila kuonja chochote.

Walipokata kuingia kwenye njia ya shamba, jambo la kwanza waliloona ni kondoo. Walikuwa bado zizini, wakilia, jua likiwa juu kabisa. Cherono hakuwa mtu wa kuacha kondoo zizini baada ya umande kukauka. Mbwa alikimbia huku na huku mbele ya lango akibweka. Gachanja alishuka akimfukuza kwa fimbo, na Wangechi akapita pembeni yake na magoti yake mabovu, akikimbia.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu. Kopo lilikuwa mezani, kifuniko pembeni, kijiko ndani ya kikombe kilichobaki na mashapo ya kahawia yaliyoganda.

"Cherono!"

Walimkuta nyuma ya jikoni. Alikuwa ameketi chini, amejiegemeza kwenye ukuta wa mbao, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Sufuria ilikuwa imepinduka karibu naye, na ardhi imelowa. Mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, ulikuwa mwekundu na ngozi imevimba, sehemu nyingine imechubuka kabisa. Maji ya moto yalikuwa yamemmwagikia. Lakini hakuwa akilia. Alikuwa akiutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Cherono. Ni mimi, Wangechi."

Cherono aliinua macho. Jasho lilikuwa likimtiririka. Alitabasamu, tabasamu la kupotea.

"Msimamizi amekuja?" aliuliza.

Becky alikuwa amepiga magoti, akamchoma kidole cha mkono mzima. Moja nukta tisa. Wangechi alirarua pakiti ya glukosi kwa meno, akaikoroga ndani ya chupa ya maji, akamwekea Cherono mdomoni. Cherono aligeuza uso, akamsukuma kwa mkono ule mzima kwa nguvu ambazo hakuna aliyezitarajia. Chupa ikamwagika nusu.

"Toa! Nimefunga. Nimemwahidi Mungu."

"Cherono, utakufa. Kunywa."

"Nimesema toa!" Na akaanza kumpiga, ovyo, akilia sasa, akiita jina la marehemu mume wake. Gachanja alitaka kumshika mabega. Wangechi akamkataza kwa mkono. Kumlazimisha kungemfanya apaliwe, na macho yake yalikuwa yameanza kuelea, yakitafuta mahali pa kufunga. Becky alinong'ona, "Mum, fanya haraka."

Wangechi aliketi chini kando yake, mgongo ukutani, bega kwa bega. Hakumtazama. Alitazama mbele, kama mtu aliyesimama kwenye meza akifanya kazi, akashusha sauti.

"Ameondoka," alisema. "Msimamizi. Ameingia ofisini."

Cherono alitulia.

"Inama haraka kabla hajarudi," Wangechi akasema. "Mimi nimeshakunywa. Sasa ni zamu yako. Haraka, Cherono, kabla hajageuka."

Kondoo walilia. Kisha Cherono akainamisha kichwa, taratibu, kama anayeokota jani, akaufuata mdomo wa chupa. Akapiga funda. Wangechi alishikilia chupa kwa mikono miwili ili isimwagike.

"Tena. Bado hajarudi."

Akanywa tena. Na tena, hadi chupa ikaisha, na Becky akawa ameshakoroga nyingine.

Waliona akirudi. Ilikuwa vigumu kutazama, kwa sababu jinsi akili ilivyorudi ndivyo maumivu yalivyorudi nayo. Alianza kuguna. Akautazama mkono wake, akauona kweli sasa, na ndipo akapiga ukemi uliomfanya mbwa akimbie. Walimwagia mkono maji baridi ya tangi wakati Gachanja akileta gari karibu. Wangechi mwenyewe alihisi jasho likimrudia shingoni, na Becky, bila kuuliza, akamwekea glukosi ulimini kabla hajampa mkono kumwinua.

Njiani kwenda hospitali Naivasha, Cherono aliwekwa mbele, kichwa chake mapajani mwa Wangechi, na Becky akapanda nyuma peke yake. Walipofika kwenye lami, Cherono alifumbua macho.

"Ni ule unga?" aliuliza.

"Ni ule unga, na njaa, na sindano. Vyote pamoja."

"Uliniambia ni viungo vya jikoni tu."

"Ndiyo. Nilikuambia hivyo."

Cherono akafumba macho tena.

*

Cherono alilazwa kwa muda, ngozi ya mkono ikafungwa na kufunguliwa mara nyingi. Kiptum alikuja kutoka Eldoret usiku wa siku ile ile, na asubuhi iliyofuata alimkuta Wangechi kwenye benchi la nje ya wodi. Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima, lakini sauti yake ilipanda hadi watu wakatoka kutazama.

"Mama yangu si mtu wa kufanyiwa majaribio! Wewe ni daktari? Nani alikuambia umpe?"

Wangechi hakujitetea. Alisimama akasikiliza hadi Kiptum akaishiwa na maneno, kisha akamwambia, "Pole, mwanangu. Unasema kweli." Cherono mwenyewe alituma ujumbe kupitia kwa muuguzi kwamba hataki wageni. Wangechi alirudi nyumbani na uji aliokuwa amemletea.

Siku zilizofuata alizunguka kwa wale aliowapa makopo. Mmoja alikuwa hajafungua hata kifuniko. Mwingine, ambaye hana sukari ila alitaka kupunguza mwili, alirudisha kwa shingo upande. Wa tatu, mke wa Njuguna fundi, alikataa kabisa.

"Yangu inanisaidia. Si kila mtu ni kama wewe."

"Basi nenda nayo kwa daktari Sitati umwonyeshe. Mwambie na tembe unazomeza. Akikuambia endelea, mimi sitarudi hapa."

Mwanamke huyo hakwenda wiki hiyo wala iliyofuata. Wangechi alimwendea tena na tena, akikaa mlangoni bila kualikwa ndani, hadi yule mama akachoka naye. Walienda pamoja. Ilibainika kwamba anameza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, ambayo ikichanganywa na unga ule inaweza kumtoa damu isiyokoma, na Sitati alipoliona kopo alilisogeza mbali na mkono wake kama kitu cha moto.

Kibanda kiliendelea. Wangechi alimuuliza Sitati kuhusu chai yake ya viungo, naye akamwambia apike tu, kiasi kile cha kutia harufu hakijawahi kumwangusha mtu. Lakini kila asubuhi sasa anakula kabla ya kuwasha jiko, foleni iwe na watu au isiwe nao, na Becky hamkabidhi mwiko hadi aone sahani tupu.

Cherono alirudi Ndabibi na vidole viwili visivyokunjika vizuri. Kukata kwato za kondoo kulimshinda, akamwajiri Kimeli wa jirani amsaidie. Wangechi alisikia hayo kwa watu wengine, maana simu zake hazikupokelewa. Aliendelea kupiga kila Jumapili baada ya kanisa. Iliita, ikakatika.

Walikutana kliniki. Ilikuwa siku ya wagonjwa wa sukari, benchi limejaa, na Wangechi alikuwa amepata nafasi mwishoni karibu na dirisha. Aliona kwanza mkono, makovu ya rangi ya waridi yaliyopanda hadi kwenye mkunjo wa sweta, kisha akamwona mwenyewe, amekonda kidogo, amesimama mlangoni akitafuta mahali pa kukaa. Nafasi haikuwepo. Wangechi akainuka nusu.

Cherono alimtazama kwa muda mrefu. Watu walianza kuangalia.

"Usisimame na hayo magoti," alisema hatimaye. "Sogea."

Wangechi akasogea. Cherono akaketi, akauweka mkono wake wenye makovu kwenye mapaja, na wote wawili wakatazama mlango wa chumba cha daktari. Ndani walimsikia Sitati akimuuliza mgonjwa mwingine asubuhi amekula nini.

"Bado nina hasira," Cherono alisema, bila kugeuka.

"Najua."

"Kiptum naye bado."

"Najua, Cherono."

Muuguzi alitoka akaita jina la Cherono. Aliinuka, akapiga hatua, kisha akarudi na kumwekea Wangechi mkoba wake mapajani.

"Nishikie hii," alisema. "Nitatoka sasa hivi."